Jina Kwenye Pembe ya Kioo

Nipeni masikio, midomo mtaitumia baadaye. Hadithi hii ina watu watatu na zawadi moja, na zawadi yenyewe haikatiki wala haigawanyiki. Kwa hiyo mwenye jibu la haraka alitafune kwanza, asije akalitema mbele za watu akajuta.

Nje kidogo ya mji wa Tanga, njia ya kwendea Pongwe, palikuwa na kiwanda cha vioo vya projekta. Si vioo vya dirisha, wala si vya kujitazamia. Ndani ya projekta mna kioo kidogo kisichozidi stempu ya barua, na juu ya kioo hicho ndipo picha inapojichora. Taa kali inapita katikati yake, inaichukua picha na kwenda kuitandika ukutani. Kwa kweli ni vioo viwili vilivyobanwa pamoja, na kati yao mna kioevu kizito ambacho mafundi wa pale walikiita ute. Picha imegawanywa vinukta kwa maelfu, na kila kinukta kina bawabu wake, kidude kiitwacho transista, ambaye kazi yake ni kuuamuru ute: hapa pitisha mwanga, hapa zuia. Mkiyajua hayo mnajua ya kutosha. Hata mimi sijui zaidi ya hapo.

Humo kiwandani mlikuwa na watu watatu waliojaaliwa.

Zuwena, binti wa Ngamiani, alijaaliwa pua. Alipofika getini alikwisha jua ni gundi gani imefunguliwa siku hiyo, kantini wamepika nini, na mpishi ameunguza au ameponea chupuchupu. Kazi yake ilikuwa usafi wa chumba cheupe, yaani kile chumba ambamo hewa huchujwa na watu huvaa kuanzia utosini hadi vidoleni, maana punje moja ya vumbi ikikaa juu ya kioo, kioo kimekufa.

Hiza, Msambaa wa Lushoto, alijaaliwa kufikiri. Yeye ndiye aliyechora ramani ya nyaya na mabawabu wote wa kioo, na alifanya kazi hiyo ofisini, mbele ya kompyuta. Ukimuuliza jambo asubuhi anakujibu jioni, na wengi walimwona mzito. Lakini jibu lake likishatoka, halikuwa likihitaji kuongezwa chumvi.

Pandu, Mpemba, alijaaliwa mkono. Angeweza kupanda ngazi na kikombe cha chai kilichojaa pomoni, huku akiisema vibaya timu yako ya mpira, na lisidondoke tone. Kazi yake ilikuwa kuujaza ute ndani ya vioo.

Juu yao alikuwapo Bi Shufaa, msimamizi wa chumba cheupe, mwanamke wa maneno machache na miwani mizito. Bi Shufaa hakuwa na makuu. Furaha yake ya kila siku ilikuwa saa saba mchana, pale Zuwena, Hiza na Pandu walipokaa kwenye sinia moja la wali, na yeye wa nne. Walimega pamoja, walitaniana, mfupa wa samaki ukamwendea anayeupenda bila kuombwa. Kila alipowatazama alijiambia kwamba kazi nzuri inaanzia hapo, si kwenye mashine.

Sasa sikilizeni desturi ya pale, kwa sababu ndiyo iliyoleta kizaazaa. Aina mpya ya kioo ikizaliwa, hupewa jina la mtu mmoja, yule aliyeizaa. Jina linachorwa kwenye pembe, kwa herufi ndogo ambazo huzioni bila hadubini, na likishachorwa kwenye kiolezo litatoka kwenye kila kioo cha aina hiyo, miaka yote. Kioo cha kwanza cha kiwanda kiliitwa Kidawa, jina la msimamizi aliyetangulia. Marehemu Bi Kidawa ndiye aliyeiweka desturi, na alipoulizwa kwa nini jina liwe moja, alijibu hivi: "Sifa mnaweza kuila pamoja. Lawama haina ubia. Kioo kikiugua nataka mtu mmoja ageuke akiitwa, sio watatu watazamane." Kwa hiyo yeyote anayefikiria kuniambia waandike majina yote matatu, akae chini. Mlango huo ulifungwa kabla hatujafika.

Basi siku moja mwenye kiwanda akaja na kasha la vioo vitupu. Alitaka aina mpya, ya projekta yenye taa kali mno, itakayoonyesha picha mchana kweupe katika madarasa yasiyo na mapazia. Akamwambia Bi Shufaa, "Hili ndilo kasha pekee nililoweza kulipata. Likiisha bila kioo kinachofanya kazi, nafunga chumba cheupe. Tutarudi kuunga projekta kwa vioo vya watu wengine."

"Na watu wangu?" Bi Shufaa akauliza.

"Watu wako watatafutiwa la kufanya," alisema, na Bi Shufaa akaelewa kwamba hawatatafutiwa.

Kazi ikaanza, na balaa nalo likaanza. Vioo vilikuwa vikitoka na vidoa vyeusi. Si vyote na si kila siku, lakini Ijumaa ilikuwa mbaya kuliko siku zote. Hiza alilaumu machujio ya hewa, yakabadilishwa. Pandu alilaumu malori ya mawe ya chokaa yanayopita barabarani, wakaziba kila ufa. Vidoa vikaendelea, na kasha likawa linapungua.

Zuwena akasimama katikati ya chumba cheupe, akashusha barakoa kidogo, akanusa. "Humu mna udi," alisema.

Wakamcheka. Nani achome udi ndani ya chumba cheupe? Lakini Zuwena hakujali kicheko. Akaenda kwenye chumba cha kubadilishia nguo akanusa kola za mashati, kofia, mitandio, hata soksi, mpaka wanaume wakaona haya. Kila alikokwenda aliusikia udi, na hakuupata ulikotoka. Ndipo akazigusa nywele zake mwenyewe. Kitu unachokisikia kila unakokwenda, huenda unatembea nacho.

Zuwena alikuwa bibi harusi mbichi. Mama mkwe wake alikuwa mtu wa mambo ya zamani, na kila Alhamisi jioni alimfukiza udi nguo na nywele, kama inavyompasa mke kwa mumewe. Moshi wa udi unanukia vizuri, lakini ni masizi yale yale, na yalikuwa yakimdondoka nyweleni na kupenya chini ya kofia. Akajipangusa nywele kwa pamba, akaiweka pamba chini ya hadubini. Akaona vidoa vyake.

Angeweza kunyamaza. Angeweza kuacha udi kimyakimya, na hakuna ambaye angejua. Badala yake alimfuata Bi Shufaa akamwonyesha ile pamba. "Ni mimi," alisema, na machozi yakamtoka. Tangu siku hiyo aliukataa udi, mama mkwe akanuna na kuacha kumsemesha, na nyumba ikawa chungu. Lakini kiwandani vidoa vilikoma. Nusu ya kasha ilikuwa imekwisha kwenda.

Wakadhani wamevuka. Wakatengeneza kioo safi, Pandu akakijaza, kikawekwa kwenye projekta na taa kali ikawashwa. Picha ikatoka nzuri, kisha ikaanza kufifia. Weusi ukawa kijivu, kijivu kikawa weupe, na baada ya muda mfupi ukuta ukabaki mtupu. Wakatengeneza kingine, kikafa vilevile, na kingine.

Hiza alijua ugonjwa: bawabu wa kinukta akipigwa na mwanga mkali hulegea, akaachia amri aliyopewa. Ndiyo maana toka mwanzo alikuwa amemchorea kila bawabu mwavuli wa chuma upande unakotoka mwanga wa taa. Sasa mwavuli upo, na bado wanalegea. Pandu akamwambia, "Kaka Hiza, ongeza mwavuli." Akauongeza ukubwa. Kioo kingine kikafa.

Siku moja, jua la utosini, Hiza alisimama nje kwenye upenu akinywa maji. Alikuwa kivulini kabisa, na bado alikuwa amefinya macho. Akajiuliza kwa nini. Bati la upenu lilikuwa juu ya kichwa chake, jua halimfikii. Akatazama chini, akaona uwanja wenyewe: chokaa tupu, nyeupe pe, inaurudisha mwanga juu na kumchoma machoni kutokea chini ya kivuli. Akabaki amesimama pale mpaka watu wakarudi kazini.

Jioni akamjibu Bi Shufaa, kama ada yake. "Mwanga ukishapita kwenye kioo unagonga lenzi iliyo mbele, na kidogo unarudi nyuma. Mabawabu wanapigwa kwa chini. Mwavuli hautoshi, wanataka na mkeka." Akachora upya ramani nzima, tabaka jembamba la chuma chini ya kila bawabu, na kazi ile ilimkosesha usingizi na hamu ya kula. Lakini hakugusa kioo hata kimoja. Hakuwahi hata kuvaa glavu.

Ramani mpya ilikuwa ngumu kuitengeneza. Mkeka ule ulikifanya kioo kiwe na mabonde na vilima, na kimoja baada ya kingine vikapasuka au vikakataa kubanana. Zuwena alivisafisha kama anayeosha mtoto mchanga. Kasha likaisha. Katika vyote kikabaki kioo kimoja kizima, ambacho hakijajazwa ute.

Kujaza ute ni hivi. Kioo kinaning'inizwa ndani ya tangi, juu ya ute, mdomo wake mdogo ukiwa wazi, pampu inanyonya hewa yote. Kisha kioo kinateremshwa mdomo uguse ute, na hewa inarudishwa taratibu ili iusukume ute ndani. Hewa ikiwahi kabla ya ute, ndani ya kioo kunabaki povu, na povu hilo halitoki mpaka kiama.

Bi Shufaa alikuwa nje, akitazama kupitia dirisha. Pampu ilikwisha maliza kunyonya, na kioo kilikuwa bado kinaning'inia juu ya ute, ndipo umeme ulipokatika. Feni zikanyamaza, taa ndogo za dharura zikawaka. Amri ya pale ilijulikana na wote: umeme ukikatika, kila mtu atoke. Watu wakatoka. Na koki ya hewa ya lile tangi, bila umeme, hufunguka yenyewe. Bi Shufaa aliusikia mluzi wake, akafumba macho.

Alipoyafumbua, Pandu alikuwa bado mle ndani. Alikuwa ameubandika mkono wa kushoto kwenye tundu la hewa, na tangi linamvuta nyama ya kiganja kama linataka kummeza. Kwa mkono wa kulia alizungusha mpini wa kuteremshia kioo, polepole, kana kwamba ana siku nzima, mpaka mdomo wa kioo ukagusa ute. Kisha akaanza kuubandua mkono wa kushoto, kidole kimoja kwanza, halafu kingine, akiitia hewa kwa kuisikiliza. Ute ukapanda. Ukajaa pembe zote, bila povu hata moja. Pandu alipotoka, kiganja chake kilikuwa na duara jekundu, na alichosema ni kwamba ana njaa.

Wakakiweka kioo kile kwenye projekta, wakaielekeza kwenye ukuta wa kantini, mchana, madirisha wazi. Picha ilikuwa ya kapu la machungwa ya Muheza. Watu wakala wali wao wote wakiyatazama machungwa yale. Wakanywa chai, wakarudi kazini, na walipotoka jioni machungwa yalikuwa bado ni ya rangi ileile. Mwenye kiwanda akaagiza makasha mengine. Chumba cheupe kikapona. Siku ile Bi Shufaa alijifungia stoo akalia kidogo, kwa raha.

Kesho yake, kwenye sinia, mtu akauliza kwa utani, "Haya, kitaitwa nani?" Utani ule ukawageuka.

"Mimi sipendi makuu," Pandu alisema. "Lakini kioo kilikuwa kimoja tu, na kilikuwa mkononi mwangu."

"Kilifika mkononi mwako kikiwa safi," Zuwena akamjibu. "Nani alikisafisha?"

"Na vile vya mwanzo nani alivichafua?" Pandu akauliza.

Hakuna aliyetia mkono kwenye sinia. Zuwena alimtazama Pandu, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nilisema mwenyewe. Ningeweza kunyamaza, nawe leo ungekuwa bado unajaza ute juu ya masizi yangu."

Hiza, ambaye ada yake ni kujibu jioni, safari hii alijibu papo hapo. "Kichukueni basi kioo kisicho na doa, kisicho na povu, mkiwashie taa bila ramani yangu. Mkione kinavyokufa."

"Wewe hata glavu hujavaa," Zuwena akamwambia, na Pandu, aliyekuwa akigombana na Zuwena sasa hivi, akaitikia kwa kichwa.

Siku iliyofuata kulikuwa na sahani tatu, katika meza tatu. Bi Shufaa akala peke yake.

Mwenye kiwanda akamshauri aiache pembe tupu. Bi Shufaa akakataa. "Kioo kisicho na jina hakina wa kukiuguza," alisema. "Na hawa wataniona nimewaogopa."

Akamwita kila mmoja peke yake, akawauliza swali la Bi Kidawa: "Kioo kikirudi kimeharibika, nani aitwe?" Alitumaini lawama itamwonyesha alipo mwenye sifa.

Zuwena akasema, "Inategemea. Kikiwa na doa, niite mimi."

Pandu akasema, "Kikiwa na povu, nitakuja hata kama niko Pemba."

Hiza akaomba apewe mpaka jioni. Jioni akasema, "Kikififia ni changu."

Bi Shufaa akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu. Akawauliza tena, safari hii kwa nini wanalitaka jina ambalo hakuna atakayeliona. Pandu alisema mama yake anaamini kwamba yeye anauza vioo vya dirisha, na amechoka kumweleza. Zuwena alisema mama mkwe bado hamsemeshi, na anataka siku moja amwonyeshe ni kwa ajili ya kitu gani aliuacha udi. Hiza alisema, "Nimekichora. Sababu nyingine sina."

Usiniambie kwamba jambo hili ni dogo kwa kuwa jina ni dogo. Bi Shufaa aliligeuza huku na huku. Pua ya Zuwena isingekuwapo, kioo kisingekuwa safi hata kimoja. Lakini nusu ya kasha ilipotea kwa nywele zake. Akili ya Hiza isingekuwapo, kioo kingekuwa safi na kingekufa. Lakini ramani pekee haiangazi ukuta. Mkono wa Pandu usingekuwapo, ramani na usafi vingeishia kwenye povu; lakini aliyeokoa mtoto kisimani si lazima awe ndiye aliyemzaa. Kila alipompa mmoja, wawili walisimama mbele yake na haki mkononi. Akaona uchungu, kwa sababu aliwapenda wote, na alijua kwamba jina lolote atakalolisema litabaki kwenye kioo hata baada ya wao kusahau waligombania nini.

Siku ya kupeleka kiolezo ikafika, kwa kuwa makasha mapya yalikwisha shushwa na kazi haingojei. Na mwenye kuchora ramani ndiye mwenye kuchora herufi kwenye kiolezo, na huyo, kama mmekwisha sahau, ni Hiza. Alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, amekuza ile pembe ya kioo mpaka imejaa skrini nzima, nyeupe, tupu. Zuwena alisimama mlangoni, amekunja mikono. Pandu alisimama nyuma yake, na duara la kiganjani lilikuwa bado halijafutika.

Bi Shufaa akaingia. Alikuwa ametoka kantini, na alikuwa amemwagiza mpishi apakue wali kwenye sinia moja, la watu wanne, aliweke mezani alifunike. Akasimama kando ya kiti cha Hiza.

"Hiza mwanangu, andika," akasema.

"Niandike nani, Bi Shufaa?"

Akalitaja jina. Hiza akaliandika herufi kwa herufi, na kama lilikuwa lake au la mwingine, mkono wake ulikwenda kwa mwendo uleule. Lipo mpaka leo kwenye pembe ya kila kioo, na mwenye hadubini na akalisome.

Mimi nimelisoma, na sisemi. Nikisema mtalishika langu mkaacha lenu. Sinia liko mezani, limefunikwa, wali unapoa, na watu wanne watakula au hawatakula kwa jina hilo moja. Haya, midomo niliyowanyima mwanzo nawarudishia. Wewe hapo, ungekuwa ndiwe Bi Shufaa, ungemwambia Hiza aandike nani?